Mpira Uliodondoka Ndani

Naandika haya kwa mkono uleule uliotoa ushahidi wa uongo. Kusema kweli uongo wenyewe ulisemwa na mdomo. Mkono ulinyooka tu kuelekea kulia, kama waamuzi wanavyofundishwa. Lakini mdomo hauwezi kuandika, kwa hiyo nimeupa mkono kazi ya kutubu kwa niaba ya wote wawili.

Nchi yetu sitaitaja jina, maana nayo haipendi kutajwa. Ni nchi nzuri, yenye amani nyingi kiasi kwamba imebidi amani hiyo iwekewe walinzi. Ina bendera ya rangi saba kwa sababu kamati ya bendera haikuafikiana, na ina Wizara ya Furaha na Nidhamu. Mimi, Alfani Mbwilo, nilikuwa karani wa ofisi ya mtaa wa Kizungiti kwa miaka kumi na tisa. Kazi yangu ilikuwa kugonga mihuri. Tulikuwa nayo minne: wa kukubali, wa kukataa, wa kusubirisha, na mmoja ambao maandishi yake yalikuwa yamefutika. Huo wa nne ndio tulioutumia zaidi.

Pale Kizungiti, kati ya zahanati na kiwanda kilichokufa cha magunia, kulikuwa na bustani ya umma, na ndani yake uwanja wa tenisi. Nani aliujenga, hakuna aliyekumbuka. Saruji yake ilikuwa na nyufa, na haukuwa na uzio wala mlango. Ulikuwa bure. Ukifika ukakuta watu wanacheza, unakaa kwenye ukuta mfupi unasubiri; wakimaliza seti, unaingia. Sheria ilikuwa hiyo tu, na haikuandikwa popote. Labda ndiyo maana ilifuatwa.

Mimi nilipelekwa pale na presha.

"Cheza kitu," daktari wa zahanati aliniambia.

"Bao nacheza, daktari."

"Kitu cha kutoa jasho, bwana."

Ndivyo nilivyokutana na Bi Leokadia Nyoni. Alikuwa mfuaji wa mashuka katika hospitali ya wilaya, mama wa miaka hamsini na sita, na mikono yake ilikuwa imezoea kukamua mashuka mazito tangu ujana. Wavu wa uwanja ule aliushona yeye, kwa magunia ya vitunguu. Mistari aliichora yeye, kwa chokaa aliyoomba kwa mafundi wa ujenzi. Raketi yake aliifunga mshipi wa kuvulia samaki pale nyuzi zilipokatika, na ukipigiwa mpira kwa raketi hiyo, hungeusahau.

"Umeishikaje hiyo raketi, Karani?" aliniuliza siku ya kwanza. "Unataka kupiga mpira au kuua nzi?"

Alinifundisha miaka minne. Hakunionea huruma hata mara moja. Siku niliyomfunga gemu moja, moja tu, kesho yake alipita ofisini asubuhi na kuwatangazia watu wote waliokuwa kwenye foleni: "Mnamwona huyu Karani wenu? Jana kanifunga, na kanifunga kihalali!" Watu wakanipigia makofi. Katika miaka yangu kumi na tisa ya utumishi, hiyo ndiyo siku pekee foleni ile ilipata kunipigia makofi.

*

Mambo yaliharibika kwa sababu ya tairi. Msafara wa Waziri wa Furaha na Nidhamu, Mheshimiwa Kasiani Tambarare, ulipata pancha karibu na bustani yetu. Magari yote kumi na moja yakasimama, na Mheshimiwa, akisubiri tairi, akasikia watu wanacheka.

"Wale wanacheka nini?"

"Wanacheza, Mheshimiwa," akajibu msaidizi.

"Wamelipa?"

"Nasikia ni bure, Mheshimiwa."

"Nani kawaruhusu?"

Hapo msaidizi akaenda kulikagua tairi. Mheshimiwa naye akaumia moyoni, na mimi namwelewa. Furaha ilikuwa inatokea barabarani, mchana kweupe, na Wizara haina taarifa.

Wiki ile ofisi yetu ilipokea barua ikitutaka tueleze, kwa nakala tatu, "chanzo cha ubure huo". Mtendaji wetu, Bwana Gervas Pandisha, mtu mwema aliyetokwa na jasho hata akisoma kalenda, aliniita tutafute faili la uwanja. Tulitafuta siku mbili. Tukapata faili la mbwa aliyepotea mwaka ambao mimi sijazaliwa, na faili la kutafuta mafaili, lakini la uwanja halikuwepo.

"Unajua maana yake, Alfani?" Mtendaji akaniuliza akijifuta shingo. "Kisheria uwanja ule haupo. Watu wanatokwa jasho ndani ya kitu kisichokuwepo."

Wizara ikapokea majibu yetu kwa busara kubwa. Ikaamua kwamba kwa kuwa uwanja haupo, uzinduliwe. Mheshimiwa Waziri angekuja mwenyewe kuufungua, na angecheza gemu tatu na Mwananchi wa Kawaida.

Mara likaonekana tatizo: huwezi kufungua kitu kisichofungwa. Basi wakaja mafundi wakajenga uzio wa waya mrefu kuzunguka uwanja, wakaweka geti la chuma, na kwenye geti kufuli kubwa. Upande unaotazama barabara ukapakwa rangi. Ufa mmoja mrefu, ambao haungezibika kwa wakati, ukawekewa zulia jekundu. Wavu wa magunia ukatupwa, ukaletwa mpya kutoka mji mkuu.

Kwa wiki tatu Bi Leokadia alikuja na raketi yake, akalitazama kufuli, akarudi nyumbani.

"Watafungua lini, Karani?"

"Wakishazindua, dada. Ni utaratibu tu."

Nilimjibu hivyo kwa moyo safi. Na Wizara ilipoomba jina la Mwananchi wa Kawaida, anayeweza kurudisha mpira lakini asiwe na tabia ya kuurudisha kila mara, niliyepeleka jina lake ni mimi. Nilidhani namfanyia wema. Nilitaka watu wakubwa wamwone.

*

Mtendaji alimwita ofisini siku mbili kabla ya sherehe. Nilikuwepo, nikiandika kumbukumbu.

"Mama, unajua kushindwa?" akamuuliza kwa upole.

"Najua, baba. Nimeshindwa mara nyingi."

"Vizuri. Basi Jumamosi ushindwe."

Bi Leokadia akamtazama, akanitazama na mimi. Nikajitia kutafuta kalamu.

"Akicheza vizuri kunizidi nitashindwa," akasema. "Hilo halihitaji kikao." Akachukua kikapu chake akaondoka.

Mtendaji akabaki anajifuta shingo, kisha akanigeukia. "Wewe unaujua huo mchezo. Utakaa kwenye mstari. Mpira wenye mashaka unakuwa wa Mheshimiwa."

"Na usipokuwa na mashaka?"

"Utakuwa nayo wewe, Alfani. Una familia."

Nataka nieleweke vizuri. Hakunitishia. Alitaja familia yangu kwa sauti ya mtu anayewatakia heri.

*

Jumamosi watu wa Kizungiti walijaa nje ya uzio. Mheshimiwa alishuka akiwa amevaa nyeupe tupu, na wasaidizi tisa: wa taulo, wa maji, wa raketi ya kulia, wa raketi ya akiba, na wengine ambao kazi zao sikuzijua. Akafungua kufuli, akapigiwa makofi, akahutubia saa nzima na robo.

"Tenisi," alisema, "ni mchezo wa watu wawili, lakini chini ya uongozi wa mmoja!"

Makofi.

"Kabla ya Wizara yangu, mipira katika nchi hii ilikuwa ikidunda ovyo!"

Makofi tena. Hata mimi nilipiga, na nilipiga kwa nguvu.

Kisha wakaanza. Mwamuzi mkuu alikuwa Afisa Itifaki wa Wizara, mtu mwembamba aliyekaa juu ya kiti kirefu. Mheshimiwa alipopiga mpira wa kuanzia, ukaruka uzio na kumpiga mpiga picha wa serikali. "Pointi kwa Mheshimiwa," akasema Afisa Itifaki. Wa pili ukaingia kwenye wavu. "Pointi kwa Mheshimiwa, kwa kuujaribu wavu." Gemu ya kwanza ikaisha hivyo, na Bi Leokadia hakuwa amegusa mpira.

Gemu ya pili ilikuwa zamu yake kuanzisha, na hapo nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Alimpigia mipira laini, ya kimo cha kiuno, kama alivyokuwa akinipigia mimi siku zile za mwanzo. Mheshimiwa akawa anakosa. Bi Leokadia akasogea karibu na wavu.

"Baba, inamisha magoti kidogo. Usiukimbilie, utakuja wenyewe."

Wasaidizi tisa wakashika vichwa. Afisa Itifaki akafungua kitabu chake kutafuta kama magoti ya Waziri yana kifungu. Lakini Mheshimiwa akainamisha magoti. Mpira ukaja, akaupiga, ukavuka wavu ukadondoka mahali pazuri kabisa, na Bi Leokadia akausifu. "Umeona sasa!"

Mheshimiwa akacheka. Nilikuwa nimemsikia mara nyingi redioni akicheka kwa niaba ya taifa, lakini hiki kilikuwa kicheko kingine. Alionekana kama mtu aliyesahau miadi yake yote. Mpira ukaenda ukarudi, ukaenda ukarudi, na watu nje ya uzio wakaanza kushangilia bila kuelekezwa.

Gemu ya tatu, kwenye pointi ya mwisho, akasema kwa sauti tuliyoisikia wote: "Sasa piga kweli, mama. Usinionee huruma."

Bi Leokadia akapiga kweli.

Nimekwisha kuuona mpira ule mara elfu tangu siku hiyo. Ulipita chini, juu kidogo tu ya wavu, ukadondoka kwenye kona, ndani, juu ya chokaa ya mstari kwa upande wa ndani. Vumbi jeupe likaruka. Ulidondoka hatua mbili kutoka kwenye viatu vyangu.

Mheshimiwa akanitazama. Afisa Itifaki akanitazama. Mtendaji, kule kwenye viti vya wageni, akaacha kujifuta jasho. Mtu mmoja tu hakunitazama, naye ni Bi Leokadia. Alikuwa amekwisha kugeuka, anakwenda zake kuokota mpira mwingine. Haikumpitia akilini kwamba kulikuwa na haja ya kunitazama.

"Nje," nikasema, na mkono ukanyooka kulia.

Akasimama. Akazunguka wavu polepole mpaka kwenye kona, akauokota ule mpira.

"Karani, umeuona?"

"Nimeuona, dada."

"Umedondoka wapi?"

"Nje."

Akaugeuza mpira kiganjani. Ulikuwa na doa jeupe la chokaa. Hakuuonyesha kwa watu wala kwa Mheshimiwa, alinionyesha mimi. Alisubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kukumbuka jina alilolisahau. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Basi nimeshindwa," akasema. Akarudi upande wake, akampa Mheshimiwa mkono juu ya wavu, akachukua kikapu chake, akatoka getini. Watu wakampisha.

*

Sherehe ilifana. Lakini alama ya mpira ilikuwa imebaki pale kwenye mstari, na kila aliyepita aliiona. Jumatatu wakaja wataalamu wa Wizara kuusogeza mstari ndani, kiasi cha shubiri moja, ili ulingane na uamuzi. Kwa ajili ya usawa wakausogeza na wa upande wa pili.

Kisha ukatoka waraka. Ulisema uwanja wa Kizungiti utaendelea kuwa bure kwa wananchi wote, kwa mwaliko. Nasisitiza neno bure, kwa sababu maadui wa nchi yetu wamepotosha jambo hili. Hakuna mwananchi aliyelipishwa hata senti moja, kwa kuwa hakuna aliyeingia.

Barua ya kumfungia Bi Leokadia, "kwa kosa la kuingiza uwanjani mpira wenye chokaa", niliichapa mimi. Nikaigonga ule muhuri wa nne, nikijiambia kwamba labda maandishi yake yaliyofutika yalikuwa ya msamaha.

Mimi nikapandishwa cheo. Nikawa Afisa Mistari, nikapewa ofisi yenye feni na ufunguo wa lile kufuli. Naam, katika Kizungiti nzima, mtu pekee aliyeweza kucheza alikuwa mimi.

Nilikwenda mara moja, alasiri. Nikafungua, nikaingia, nikapiga mpira upande wa pili. Nikazunguka wavu, nikaufuata, nikaurudisha. Nikazunguka tena. Nje ya uzio, kwenye ule ukuta mfupi, walikuwa wamekaa watu wanne niliokuwa nikicheza nao zamani, raketi mapajani. Hawakuzomea. Mmoja aliniuliza kwa adabu, "Mheshimiwa, ukimaliza seti tunaweza kuingia?" Nikamwambia hapana, ni mwaliko. Nikafunga. Kesho yake zahanati wakanipima presha, na daktari akaniuliza nimeacha kucheza tangu lini.

*

Miezi mitano nilivumilia. Usingizi ulikuwa unakatika, chakula hakina ladha, na mke wangu akawa ananiuliza kwa nini namwangalia kila mtu viatu. Mwishowe nikaandika barua kwa Wizara, mistari miwili: mpira ulikuwa ndani, nami niliuona.

Nikaitwa mbele ya jopo la watu watatu. Mwenyekiti alikuwa yule Afisa Itifaki.

"Unadai siku ile ulisema uongo?"

"Ndiyo, mzee."

"Ulikuwa mtumishi wa umma siku hiyo?"

"Nilikuwa."

"Mtumishi wa umma hasemi uongo. Kwa hiyo unasema uongo sasa."

"Na sasa pia ni mtumishi wa umma, mzee."

Wakatazamana. Wakaomba chai, wakanong'onezana mpaka chai ikaisha. Kisha Mwenyekiti akasoma uamuzi: kwamba Afisa Mistari Alfani Mbwilo alisema kweli siku ile, na amesema kweli leo, na kwa kusema kweli mara mbili juu ya mpira mmoja anastahili Cheti cha Uadilifu, daraja la pili. Nikapigwa picha nikiwa nimekishika. Niliomba waniadhibu, wakacheka, wakanishika bega, wakaniambia nina uchovu.

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka uwanjani. Nikafungua kufuli, nikalitupa kwenye mtaro, nikaliacha geti wazi kabisa. "Ingieni!" nikawaambia waliokaa ukutani. "Uwanja wenu!"

Wakanitazama, wakalitazama geti.

"Mwaliko uko wapi?" akauliza mmoja.

"Hakuna mwaliko. Ingieni tu, kama zamani."

Hawakuinuka. Geti lilikaa wazi siku tatu, na ndani aliingia mbuzi mmoja tu, naye alikamatwa. Siku ya nne wakaleta kufuli kubwa zaidi, na mimi nikaletewa barua ya kuachishwa kazi. Kosa langu lilikuwa kupoteza kufuli.

*

Ndipo nikaenda kwa mtu niliyepaswa kumwendea kwanza.

Nilimkuta nyuma ya hospitali, kati ya kamba za mashuka. Aliniona nakuja, akaendelea na kazi. Mimi nikasimama na cheti changu kwapani, maana nilikuwa nimekileta nimwonyeshe ujinga wao, tucheke. Nilipofika karibu niliona aibu nikakikunja.

"Nimekuja kuomba radhi, dada."

"Shika huku," akasema. Akanipa ncha ya shuka lililolowa. Tukalikamua, yeye huku na mimi kule, maji yakitumwagikia miguuni.

"Mpira ulikuwa ndani," nikasema.

"Najua ulikuwa ndani. Mimi ndiye niliyeupiga."

Tukakamua la pili na la tatu.

"Walinitajia familia," nikasema. "Mtendaji, wote, walikuwa wananitazama. Na yule Waziri..."

"Yule Waziri angekubali." Alisema bila hasira, akilitandaza shuka kwenye kamba. "Nilimwona usoni, Alfani. Alikuwa anafurahi. Alisema mwenyewe nimpige kweli. Ungesema ndani angecheka, angesema mama kanishinda, na pengine lile geti lingebaki wazi. Alikutazama wewe ili ajue awe mtu gani. Hukumpa nafasi."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikwenda kwake na kosa moja, nikajikuta nina mawili, na hili la pili hakuna jopo la kulipelekea.

"Sasa nifanye nini, dada?"

"Mimi nitajuaje?" Akachukua beseni. "Sisi tunasafisha kiwanja nyuma ya tanuri la matofali. Kuna mawe mengi. Kama unataka kuja, njoo. Kama hutaki, baki."

Nilikwenda Jumamosi ile, na sijakosa Jumamosi hata moja tangu hapo. Tuliokota mawe miezi miwili. Mimi niliokota makubwa. Uwanja ni wa udongo, umeinama kidogo upande wa tanuri, na mistari anaichora Bi Leokadia. Hakuna geti. Watu wanakaa juu ya matofali wanasubiri, seti ikiisha wanaingia. Wanacheka, na Wizara bado haijapata pancha upande huo.

Na mimi nacheza. Hawakunikataza. Nikifika wananiachia nafasi, wananiuliza hali ya mke wangu, na Bi Leokadia ananifokea nikishika raketi vibaya, ingawa siku hizi hanifokei kwa sauti ileile. Kilichobadilika ni kitu kidogo, na mgeni asingekigundua. Zamu yangu ikiwa bado, hukaa kwenye kona, karibu na mstari, kwa mazoea. Mara nyingine mpira unadondoka pale hatua mbili kutoka kwenye viatu vyangu, nami nauona wazi. Wachezaji wanasimama, wanakuja wote wawili mpaka kwenye alama, wanainama, wanabishana kama ni ndani au nje.

Hakuna anayeniuliza.